Dawa za Wazee: Jua Kikomo cha Bima
Mzee anayemeza nusu tembe ili dawa zimfikishe mwisho wa mwezi anahatarisha maisha yake. Aliyesajiliwa na SHA hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma, dawa za presha na kisukari zikiwemo. Akizinunua dukani, hulipa mwenyewe.

Matibabu ya saratani yana kikomo cha kila mwaka, nacho ni cha familia nzima, si cha mtu mmoja. Kwa hivyo kabla ya kuanza matibabu, mgonjwa aulize hospitalini: familia imebakiza kiasi gani? Na dawa ikikosekana zahanatini, asipunguze kipimo. Amweleze mhudumu mapema.