Kumchagua Fundi wa Kazi ya Kijiji

Maneno yangu ya jioni hii ni juu ya kumchagua fundi, nami nitatwaa kazi moja iwe mfano: kijiji chataka kujenga tangi la maji ya mvua penye shule. Faida yake si ndogo. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bati lenye eneo la mita za mraba 100 huleta lita 1,000, ila kidogo kipoteacho njiani; na watoto waliokuwa wakienda mtoni na ndoo huketi wakasoma.

Tuseme mafundi wawili wamekuja. Wa kwanza ataka shilingi 2,000,000, wa pili 2,600,000. Wengi katika kamati watasema, "Shauri limekwisha, tumpe wa kwanza." Walakini bei mbili hazilinganishwi mpaka ijulikane zimebeba nini. Saruji mifuko mingapi? Ni nani atakayeleta maji ya kazi? Huenda yule wa rahisi ameziacha nje kokoto na nondo, nanyi mtazinunua baadaye kwa fedha msiyoiweka.

Kisha mwulizeni jinsi atakavyoifanya kazi. Fundi ajuaye hataki mchanga wenye udongo, wala wa pwani wenye chumvi, kwa kuwa chumvi hula nondo. Nanyi mwaweza kuupima wenyewe: tieni mchanga katika chupa ya kioo, ongezeni maji, tikiseni kwa nguvu, mkaiache hata kesho. Mchanga hukaa chini na udongo hukaa juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Wanafunzi watapenda kuifanya kazi hiyo. Mwulizeni pia atalimwagia tangi maji siku ngapi baada ya kupiga lipu. Akisema siku moja au mbili, mwacheni aende zake. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kunywa maji. Yataka kulowa siku 7 kwa uchache, tena ifunikwe kwa magunia, jua lisije likaipasua.

Lakini jawabu zuri mtu yeyote aweza kulikariri. Kwa hiyo watu wawili wa kamati wapande baiskeli wakalitazame tangi alilolijenga miaka mitatu iliyopita, si la mwezi uliopita, maana tangi jipya halikosi kupendeza. Wapapase ukuta upande wa chini kama una unyevu. Wawaulize wenyeji: Alikuja siku aliyoahidi? Lilipovuja, alirudi? Swali hili la mwisho naliona lapita yote.

Na ikiwa fundi ni shemeji wa mwanakamati, neno hilo lisemwe mapema, na mwanakamati huyo akae kando siku ya kuamua. Fedha ya kijiji si mahari ya kupelekwa ukweni.

Kazi ikiwa kubwa, kama madarasa, ulizeni kama mkandarasi ameandikishwa: Tanzania iko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997; Kenya iko Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, kwa sheria ya mwaka 2011.

Mkiisha kumchagua, mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Arubuni isizidi bei ya vifaa vya mwanzo, na fungu la mwisho likae kwa mtunza fedha mpaka tangi limejaa na kufunikwa. Alama ya maji ipigwe ndani ya ukuta siku hiyo, ikatazamwe tena siku ya nane, fundi mwenyewe akiwapo.