Sura Sokoni: Picha ya Mwandishi Inapogeuka Bidhaa

 

Hapa Buseresere hakuna mgeni wa sura inayouzwa. Kampeni za 2015 zilimleta mwana wa Chato, John Magufuli, kwenye khanga, fulana na kofia, na mama aliyejifunga khanga ile hakuuliza nani alipiga picha. Mimi leo nauliza, na nauliza kwa ajili ya waandishi.

Biashara hii ina umri. Mwaka 1854, mjini Paris, mpiga picha Disdéri alipata hataza ya kupiga picha kadhaa kwenye kioo kimoja, kila moja ikabandikwa kwenye kadi ya kuenea kiganjani. Bei ikashuka. Uingereza ya Malkia Victoria ikanunua kadi za malkia, maaskofu na watunzi wa riwaya, ikazipanga kwenye albamu. Sheria ya hakimiliki ya huko ya 1862 ilimpa haki mtu aliyelipia picha yake, isipokuwa iwe imekubaliwa vinginevyo kwa maandishi. Hapo ndipo penye ujanja: studio ziliwapiga picha watu mashuhuri bure, haki ikabaki studio. Charles Dickens alipofika New York mwaka 1867, studio ya Gurney ilijipatia haki ya pekee ya kumpiga picha. Sura ya mwandishi tayari ilikuwa mali ya kugombewa.

Kwetu Afrika Mashariki yupo mwandishi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Aliondoka kisiwani 1866. Mwaka uliofuata, huko Aden, akabatizwa Emily na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Picha yake maarufu ilipigwa Hamburg mnamo 1868, kwenye studio ya H. F. Plate. Itazameni vizuri: mavazi ya Kizanzibari, vito, na mwanamke aliyesimama wima mbele ya kamera. Wakati huo alikuwa mke wa mfanyabiashara wa Hamburg, na mitaani alivaa Kizungu. Mavazi yale aliyavalia kamera.

Mumewe alifariki 1870, naye Salme akabaki na watoto watatu na dhiki. Kitabu chake kilitoka 1886, miaka kumi na minane hivi baada ya picha. Ndani yake anabishana waziwazi na Wazungu kuhusu walivyomfikiria mwanamke wa Kiarabu. Lakini kadi za posta na majalada ya vitabu humuuza binti mfalme wa mbali, yaani yuleyule ambaye kitabu kinamkataa. Hili linaniuma. Anayenunua kadi ameondoka na vito, hoja ameiacha dukani, na huenda akadhani picha ilipigwa Mtoni.

Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, nayo inazitambua picha kuwa kazi zenye haki. Nawaomba wachapaji wa kalenda na fulana wa hapa na Katoro: chini ya sura wekeni mstari mmoja wenye jina la mpiga picha, mahali na mwaka. Akiwa mwandishi, ongezeni jina la kitabu chake. Wino wa mstari huo hauzidi tone, na mteja atajua aende kuuliza kitabu gani.