Kutafuta Kosa la Injini Kabla ya Kununua Spea

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mafundi wa motokaa)



Niliombwa nieleze kazi niliyoifanya huko Marekani, katika gereji moja ya kutengeneza zile motokaa za zamani zenye injini kubwa. Watu wengi huko huzihesabu kuanzia Pontiac GTO ya mwaka 1964, motokaa ya ukubwa wa kati iliyotiwa injini ya silinda nane, inchi za ujazo 389. Wenye motokaa hizi huzitunza kama watoto, wala hawaoni uchungu kutoa fedha. Hapo ndipo fundi apatapo taabu.

Siku moja iliingia Chevrolet Camaro ya 1969, injini ya inchi 350. Mwenyewe alilalamika kwamba haina nguvu, na ikipandishwa mwendo yakohoa. Alikuwa amekwisha kununua kabureta ya kupitisha futi za ujazo 850 za hewa kwa dakika. Bwana mkubwa akasema, "Ifungeni." Tukaifunga. Ikawa mbaya zaidi: ukikanyaga mafuta katika mwendo mdogo, injini yataka kuzimika.

Ndugu, tupige hesabu. Injini hii huvuta hewa ya silinda zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Zidisha 350 kwa mizunguko 5500 ya dakika moja, ugawanye kwa 3456. Utapata 557. Hiyo ndiyo hewa yote, hata silinda zikijaa kabisa. Hiyo 850 ilikuwa ya kazi gani? Tundu likiwa kubwa mno hewa hupita polepole, na hewa ya polepole haina nguvu ya kuvuta petroli.

Nilifungua kifuniko cha distribyuta nikatia geji. Pointi mpya za injini ile hupewa nafasi ya sehemu 19 za elfu ya inchi. Hapa hata geji ya 10 ilikataa kuingia. Kile kipande kinachosuguana na kemu kilikuwa kimelika kwa kukosa grisi. Nafasi ikipungua hivyo, pointi huungua na cheche huchelewa. Tukatia pointi mpya na kondensa mpya, tukapima taimingi kwa taa, tukarudisha kabureta ya zamani. Motokaa ikakimbia.

Mtu akitaka kuongeza ubora, afadhali aanzie hapo hapo: distribyuta isiyo na pointi, kama zile General Motors walizotia katika motokaa zao za mwaka 1975. Lakini angalieni waya. Waya wa zamani wa koili ulitengenezwa makusudi upunguze umeme. Ukiuacha, distribyuta mpya haipati volti 12 kamili, na lawama ni yako.

Sasa jambo lililonisimamisha hapa. Mwenyewe alirudi akitaka shafti mpya ya kemu, ya kuinua vali juu zaidi. Kijana mwenzetu aliifunga vizuri. Shafti ya namna ile, yenye tapeti bapa, sharti ipakwe grisi yake, itiwe oili yenye zinki ya kutosha, maana oili nyingi za siku hizi zimepunguzwa zinki. Tena injini ikiwaka isiachwe ingurume polepole. Izungushwe mara moja kama mizunguko 2000 kwa dakika 20, kwa sababu vinundu vya kemu hupata oili inayorushwa na kirenki.

Kijana aliomba oili hiyo. Bwana mkubwa akasema iliyopo yatosha, kisha akaiacha injini ingurume polepole ili mteja asikie sauti yake. Baada ya wiki moja vinundu viwili vilikuwa vimelika kabisa, na unga wa chuma umefika kwenye beringi. Gharama ilikatwa katika mshahara wa kijana, kidogo kidogo, miezi minne.

Aliomba kwa mdomo tu. Kwa hiyo, ndugu, katika kadi ya kazi andika kipimo ulichokikuta, oili uliyoiomba, na jina la aliyekataa. Nakala kaa nayo mwenyewe. Katibu wa tawi hawezi kwenda kwa tajiri na maneno ambayo hakuna aliyeyasikia.

Jumamosi nitaleta distribyuta moja kuukuu tuifungue. Atakayekuja aje na geji yake.