Zeri na Tabibu

Fungueni pamoja nami kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 8, mstari wa 22. Kama uko jikoni na mikono yako ina unga, wewe sikiliza tu.

Nabii analia kwa ajili ya watu wake walio wagonjwa, na katika kilio chake anauliza habari za vitu viwili. Kwanza anauliza kama zeri imekwisha kule Gileadi, ile dawa iliyosifika. Kisha anauliza kama tabibu naye amekosekana. Swali moja halikumtosha. Dawa isiyo na mtu wa kuutambua ugonjwa yaweza kuua, na tabibu asiye na dawa atafanya nini zaidi ya kumshika mgonjwa mkono?

Nimechagua mstari huu kwa ajili ya vijana wetu wa chuo kikuu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kila nyumba yenye mtoto hodari husema huyu atakuwa daktari. Lakini nafasi za udaktari ni chache, na wengi walioziomba hupelekwa kwingine. Wako waliopelekwa famasia. Wanasoma mwili wa binadamu na kazi za viungo vyake, kama wanavyosoma wenzao wa udaktari, na moyoni wanajiuliza: Je, nihame?

Msichana mmoja wa usharika alinijia na swali hilo akiwa mwaka wa pili. Aliniambia kwamba siku barua ya famasia ilipofika, majirani walimwambia mama yake "pole". Pole, kana kwamba kuna msiba nyumbani! Mzee mmoja akamwuliza kama ni kweli chuo kikuu siku hizi kinafundisha watu kuuza kemisti.

Ndugu zangu, aibu hiyo tuiondoe kwanza, maana ikiwa ndani hatutasikia neno lingine. Someni Kutoka sura ya 30. Mungu alipomwagiza Musa kutengeneza mafuta matakatifu, hakumwambia achanganye tu. Alimpa vipimo: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na mafuta ya zeituni hini moja. Kisha akataka kazi hiyo ifanywe kwa ustadi wa fundi wa kuchanganya. Mfamasia wa leo yumo katika ustadi huo. Daktari aliyechoka akiandika nukta mahali pasipo pake, nusu inakuwa tano, na mtoto wa kilo 10 anaandikiwa dawa ya mtu mzima. Anayesimama kati ya karatasi ile na kinywa cha mtoto ni mtu wa dirisha la dawa. Mzazi wa mtoto huyo hatajua kamwe kwamba mwanawe aliokolewa. Basi anayehama famasia kwa kuwa anaionea haya, ataionea haya na kazi nyingine, kwa maana hata madaktari wana wakubwa wao.

Wako wengine wanaokataza kuhama kabisa. Wanashika 1 Wakorintho 7, mahali Paulo anaposema kila mtu akae katika hali aliyoitiwa. Lakini endeleeni mstari unaofuata. Paulo anasema na watumwa, na anawaambia wakiweza kupata uhuru, wautumie. Maneno hayo si kufuli la kumfungia mtoto katika kozi aliyopangiwa. Albert Schweitzer alikuwa mwalimu wa theolojia mwenye jina alipoanza kusomea udaktari mwaka 1905, naye ana miaka 30. Mwaka 1913 akaenda Lambaréné, nchi ya Gaboni, kutibu watu. (Mafundisho yake mengine mimi siyakubali, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Ila Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Basi mimi na binti yule tuliketi tukahesabu. Famasia ni miaka 5, na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini: jumla 6. Udaktari ni miaka 6, na mwaka mmoja wa mazoezi: jumla 7. Lakini anayehama baada ya miaka 2 kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza tena, basi kwake ni 9. Hiyo ni miaka 3 zaidi ya ile aliyowaahidi watu wa nyumbani, na hapo tunasema tu ikiwa alama zake zinafikia kiwango, na ikiwa nafasi ipo. Asidhani pia kwamba upande ule mshahara unamngoja mlangoni. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na jambo moja kubwa lilikuwa malipo ya hao wa mwaka wa mazoezi. Wafamasia walikuwa nao katika chama hicho hicho.

Nikamwuliza, "Binti yangu, kama hakuna mtu atakayekuita daktari mpaka unazeeka, bado ungehama?" Alikaa kimya kitambo. Akasema, "Mchungaji, nikiwa maabara ya dawa naangalia saa. Tulipopelekwa wodini nilisahau hata chakula cha mchana."

Jibu hilo nililiheshimu. Halikutaja majirani wala mshahara. Nilimwambia aombe kuhama, lakini kabla ya kupeleka karatasi kwa msajili, aende nyumbani akaseme na baba yake. Maana baba yule aliuza ng'ombe kwa ajili ya ada, usharika ulifanya harambee, na yuko mdogo wake anayengoja kuingia sekondari. Miaka 3 ile haikuwa yake peke yake. Mtoto akiitwa na Mungu, si haki wito wake ulipwe na ndugu yake ambaye hakuulizwa.

Alikwenda. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mdogo wako umemwambia?" Wakamwita yule kijana, wakaketi watatu.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyewagusa wenye ukoma kwa mkono wako, tunawaweka mbele yako wanafunzi wanaongoja jibu la chuo, na wazazi wanaohesabu ada usiku. Uwakumbuke walio wodini saa hizi, na walio kwenye dirisha la dawa wakisoma mwandiko wa daktari. Uwape macho mazuri. Amina.