Lebo ya Asali ya Katavi Ichorwe Mpanda



Leo nina neno na mzazi mwenye mtoto anayechora. Kila mtaa unaye. Ndiye anayeitwa na mwalimu kuchora moyo na mapafu ubaoni, ndiye anayeandika jina la saluni ukutani kisha analipwa soda. Akimaliza kidato cha nne anaambiwa: haya, michezo basi, katafute kazi. Mzazi mwenzangu, kazi ya huyo kijana ipo, tena ipo hapahapa mkoani Katavi. Sisi wenyewe ndio tunaipakia kwenye basi ikafanywe mbali.

Chukua asali. Inyonga na misitu yote ya wilaya ya Mlele ilikuwa ikisifika kwa asali kabla mkoa huu haujamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Lakini pita kando ya barabara uone inavyouzwa: imetiwa kwenye chupa ya maji iliyokwisha kutumika, haina jina, haina anwani. Mnunuzi akifika nayo mjini anaigawa kwenye chupa ndogo za kupendeza, anabandika lebo, na bei inapanda. Asali ni ileile. Kilichoongezeka ni chupa na karatasi, na aliyeichora hiyo karatasi alilipwa.

Wengi wetu tunadhani lebo ni picha ya nyuki na maandishi ya kung'aa. Sivyo. Anayeijua kazi huanza na rula, akapima mzunguko wa chupa. Anajua asali ya miombo mara nyingi ni nzito kwa rangi, kwa hiyo maandishi meusi kwenye lebo inayoonyesha asali nyuma yake yatamezwa. Anajua Shirika la Viwango, TBS, linataka msomaji aone jina la bidhaa, uzito wake, mzalishaji ni nani na yuko wapi, imetengenezwa lini na mwisho wa kutumika ni lini. Anaacha nafasi ya ile mistari ya kusomwa na mashine, ambayo namba zake kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, na anajua kwamba akiibana mno mashine ya dukani itakataa kuisoma. Halafu anakaa na mchapaji kuhakikisha rangi inayoonekana kwenye kompyuta ndiyo itakayotoka kwenye karatasi. Huyo ni fundi, sawa na fundi umeme anayekuwekea nyaya za nyumba.

Na kijana wa hapa ana kitu ambacho mchoraji wa mbali hana. Anaujua mkwaju wa Katabi, ule wa mzimu uliolipa jina ziwa, hifadhi, na sasa mkoa mzima. Amewaona viboko wa Mto Katuma wakibanana kwenye tope wakati wa kiangazi. Ningependa siku moja niikute asali yetu dukani ikiwa na alama ya namna hiyo, badala ya nyuki yuleyule wa kupakuliwa kwenye intaneti, anayebandikwa kwenye asali ya kila mkoa.

Asali nimeitaja kwa kuwa ni mfano wa karibu. Upo pia mchele wa mabonde yetu unaosafiri kwenye viroba visivyo na jina. Upo mninga, unaoondoka ukiwa mbao na kurudi ukiwa kochi lililobuniwa kwingine. Na tangu lami ya kutoka Tabora ifike Mpanda, mizigo hiyo inaondoka kwa haraka zaidi.

Kutoka pembeni ya nchi si kizuizi. Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini kabisa. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwa rangi za kawaida za dukani kwenye vipande vya ubao mwembamba, akiviuza kwa wapita njia. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake bado unalisha familia za wachoraji, na tangu mwaka 1990 wana chama chao cha ushirika.

Anayetaka kusoma ana pa kwenda. Bagamoyo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, na Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha usanifu wa majengo na wa ndani ya nyumba. Najua ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na nauli si mchezo. Ndiyo maana mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024 una maana kubwa kwetu, iwapo sanaa itafundishwa kwa vifaa na siyo kwa kunakili daftari. Kwa sasa vijana wengi hujifunzia kwenye steshenari, kwa kumtazama mwenye programu ya kuchora ya CorelDRAW akipanga kadi za harusi. Ni mwanzo halali kabisa.

Lakini kijana asidanganywe: ajira za mshahara katika fani hii ni chache, wengi watajiajiri. Na kinachowaua ni sisi wateja. Tunasema, "Nichoree tu, si dakika mbili?" Tunachukua mchoro, tunauchapisha mara elfu, yeye hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji. Basi kijana, andikiana mkataba na mteja, chukua malipo ya awali, na mchoro kamili utoke ukishalipwa.

Halmashauri zetu nazo zina fungu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Tumezoea vikundi vya bodaboda na kuku. Maofisa maendeleo ya jamii, kikundi cha vijana kikija kuomba mashine ya kuchapa lebo na mabango, msikione cha ajabu. Kaeni nacho, mkisaidie kuandika andiko lake.

Na wewe mrina asali, na wewe mwenye mashine ya kukoboa mpunga: kabla hujatuma kazi ya lebo Dar es Salaam au Mwanza, mtafute kijana mmoja wa Mpanda, mpe kazi hiyo, na umlipe.