Mali Iliyo Mkononi mwa Mwingine: Hati za Ahadi katika Hesabu za Kampuni za Utafiti wa Madini



Kampuni ya utafiti wa madini haina bado madini ya kuuza. Inalipa wajiolojia, inalipa uchorongaji, inalipa ada ya leseni, na mwaka ukiisha ilichonacho ni sampuli za miamba na ripoti. Ndiyo maana mtu mwenye busara akipewa hesabu zake huanza na swali moja: fedha zilizopo benki zinaitosha kwa miezi mingapi? Tatizo ni kwamba kwenye mizania, mistari michache tu chini ya fedha taslimu, zinaweza kuwapo hati za ahadi, yaani fedha ambazo mtu mwingine ameandika na kutia saini kwamba atazilipa, kwa tarehe fulani na pengine kwa riba. Zote huhesabiwa mali. Lakini mshahara wa mchorongaji haulipwi kwa ahadi.

Hati hizi huzaliwa vipi? Mara nyingi kampuni imeuza leseni kwa kampuni nyingine changa, ikapokea kidogo mkononi na kingi kwa maandishi. Au imemkopesha mbia. Sasa mtazame mdaiwa: naye ni mtafiti asiye na mauzo, atalipa akipata wa kununua hisa zake, na hisa za watafiti hununuliwa bei ya metali inapopanda. Bei ikishuka, mdaiwa anakwama wakati uleule mdai anapozihitaji fedha zake. Dhamana nayo aghalabu ni leseni ileile, ambayo siku hiyo haina mnunuzi.

Pwani yetu ya Kilwa haihitaji kufundishwa hayo na vitabu vya uhasibu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Kilwa Kivinje kuelekea Ziwa Nyasa ilibeba nguo zilizotolewa kwa mkopo na wafanyabiashara wa Kihindi. Pembe za ndovu zikichelewa, daftari la mkopeshaji lilikuwa nene na sanduku tupu.

Mfano wetu mkubwa wa leo uko Ntaka, wilayani Nachingwea. Kampuni ya Australia ya Indiana Resources, zamani IMX Resources, ilitafiti nikeli pale pamoja na wabia wake. Januari 2018, baada ya mabadiliko ya Sheria ya Madini, kanuni mpya zilifuta leseni hodhi, yaani za kushikilia eneo kabla ya kulichimba, na ya Ntaka ikaenda nazo. Mwaka 2020 wawekezaji walifungua shauri kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia, ICSID. Tarehe 14 Julai 2023 wakapewa tuzo ya dola milioni 109.5, riba ikiwamo. Serikali ya Tanzania ikaomba tuzo ibatilishwe. Julai 2024 pande mbili zikakubaliana dola milioni 90: 35 kwanza, 25 Oktoba mwaka huohuo, na 30 Machi 2025.

Tuliopo hapa ndio tuliolipa, kupitia kodi zetu, na mjadala wa haki ya jambo hilo unastahili mhadhara wake. Mimi leo natazama hesabu. Kuanzia 2020 hadi tuzo, dai lile halikupaswa kuingia kwenye mizania. Viwango vya kimataifa haviruhusu kuhesabu mali ambayo bado inategemea tukio lisilo katika uwezo wa kampuni, hadi kupatikana kwake kuwe karibu na hakika. Hata baada ya tuzo, ombi la kuibatilisha lilikuwa linaning'inia. Ni makubaliano ya 2024 yaliyolipatia dai sura ya hati: kiasi, tarehe, mdaiwa. Na sura hiyo iligharimu dola milioni 19.5. Indiana na wabia wake wakakubali kidogo chenye tarehe kuliko kingi kisicho na siku, na mimi nasema walipiga hesabu vizuri. Tena hata hizo 90 hazikuwa za Indiana zote. Indiana ilimiliki takriban asilimia 62 tu ya mradi, na aliyefadhili shauri alikuwa na fungu lake. Anayesoma tangazo la milioni 90 bila kuuliza wanaogawana ni wangapi atanunua hisa kwa bei ya ndoto.

Hapa Kilwa tunao mfano wa upande wa pili: deni lililohesabiwa hasara, kisha likalipwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kutumika 2004. Kampuni ya Orca, kupitia PanAfrican Energy Tanzania, iliiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa, gesi. Ukame na umeme wa dharura wa mwaka 2011 ulipoliyumbisha shirika, malipo yakachelewa hadi deni likafika makumi ya mamilioni ya dola. Mdaiwa huyu hakimbii, ila huchelewa. Orca ikaliweka deni hilo kama hasara inayotarajiwa. TANESCO ilipolipa malimbikizo, fedha zile zilionekana kama faida ya mwaka huo, na msomaji wa haraka angedhani gesi imeuzwa zaidi. Sivyo. Ni gesi iliyokwisha kuchomwa zamani.

Nimalizie na Ruangwa, kwenye miradi ya madini ya kinywe (grafiti) ya Chilalo na Lindi Jumbo. Mwanakijiji ambaye mikorosho yake imethaminiwa na hajalipwa ni mdai wa kampuni, sawa na mwenye hati. Sheria yetu inasema fidia ya ardhi isiyolipwa ndani ya miezi sita huanza kuzaa riba, lakini riba haitoki kwenye kasha tupu. Kasha hilo linaweza kuchunguliwa: kampuni za utafiti zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Australia hutoa kila robo mwaka taarifa ya mtiririko wa fedha, wazi kwa yeyote mwenye simu. Karibu na mwisho wake huandikwa fedha zilizopo zitatosha robo ngapi. Robo hizo zikiwa chini ya mbili, kampuni inalazimika kueleza itakavyopata fedha nyingine. Ikijibu kwamba kuna fulani atakayeilipa, mwanasheria wa halmashauri aulize jina la huyo fulani, na hesabu zake pia.