Anayekosa Jibu Tumfanyie Nini?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Bugarama, Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera.)



Nimeombwa nizungumze juu ya televisheni na malezi. Jambo hilo ni pana mno, nami nimeona afadhali nichague mchezo mmoja tu, kwa kuwa ndani yake limo swali linalotuhusu sisi tunaoshika chaki na sisi tunaokaa nyuma ya meza za ofisi: je, mtu akikosa, afanyiwe nini?

Mwaka 2010 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha mchezo wa chemsha bongo ulioitwa 101 Ways to Leave a Gameshow, yaani njia mia moja na moja za kutoka mchezoni. Mwaka 2011 televisheni ya ABC ya Marekani nayo ikaonyesha wa kwake. Yote miwili ilipigwa picha nchini Argentina. Swali lilitolewa pamoja na majibu kadhaa, na kila mshindani akachagua lake. Aliyeangukia jibu lisilo sahihi aliondolewa, lakini hakuondoka kwa miguu yake. Mmoja aliangushwa majini kutoka juu ya mnara, mwingine akavutwa na chombo kinachokwenda kasi, mwingine akarushwa hewani. Aliyebaki wa mwisho alipata pauni 10,000 kule Uingereza, na dola 50,000 kule Marekani.

Angalieni jina lenyewe, Ndugu zangu. Halitaji maarifa wala zawadi, linataja kutoka. Maswali yamekuwa kuni tu, na chakula kinachopikwa ni anguko la mtu. Mtazamaji haulizi tena, "Jibu ni lipi?" bali huuliza, "Huyu ataondokaje?"

Sipendi kutia chumvi. Washindani wale walikuwa watu wazima, walikwenda kwa hiari yao, na walilindwa kwa vifaa vya usalama. Mimi mwenyewe nilipoutazama mchezo huo nilicheka. Baada ya kucheka ndipo nilipokumbuka kwamba kicheko kama kile nilikwisha kukisikia zamani, darasani mwangu.

Nilikuwa mwalimu kijana. Siku moja nilimwuliza mtoto wa darasa la tatu tofauti ya 15 na 9 ni ngapi. Akanyamaza. Nikamwamuru asimame juu ya dawati mpaka mwisho wa kipindi. Wenzake wakacheka, nami sikuwanyamazisha, kwa maana nilidhani aibu itamtia bidii. Jioni nilipokuwa nikisahihisha madaftari, niliona ameandika 15 kutoa 9, na jibu lake 6, bila kosa lolote. Hesabu aliijua. Neno "tofauti" ndilo lililomtatiza, kwani kwao walizungumza Kihangaza, na Kiswahili alikuwa akikutana nacho shuleni. Basi sikuwa nimepima akili yake. Nilikuwa nimemwadhibu kwa lugha ya mama yake. Mtoto yule hakunyoosha mkono tena mwaka ule mzima. Yeye hakuwa amekwenda kwa hiari yake, wala hakuwa na kifaa cha kumlinda.

Wazee wetu nao walikuwa na chemsha bongo yao, na mwenye kushindwa alitozwa. Mtu husema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Naye husema, "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa, huwaambia, "Nipeni mji." Wakimpa Ngara, husimulia kwa majivuno jinsi alivyofika Ngara akapokewa kwa shangwe, kisha hutoa jibu: "Yai." Hiyo ndiyo faini yao. Majivuno yapo, na kicheko kipo, lakini aliyeshindwa hubaki palepale penye moto, naye hulala akijua alichokuwa hakijui. Kesho yake atakitega kwa wengine.

Wala msidhani kwamba televisheni haiwezi kufuata njia hiyo. Mwaka 2007 shindano la Celtel Africa Challenge liliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya na Uganda. Swali likiwashinda hawa, wale walipewa nafasi ya kulijibu, na mtazamaji aliondoka na jibu. Hakuna aliyetupwa majini, na bado watu walitazama.

Serikali nayo imekwisha sema. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimeiweka adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na iandikwe kitabuni. Kutojua jibu si utovu wa nidhamu. Na tangu mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tumjengee mtoto akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Mtoto atadadisije ikiwa kila kosa lake ni tamasha la wenzake?

Kwa upande wa ofisi hali ni hiyo hiyo. Mama anatoka kijijini, anakosea kujaza fomu, naye anafokewa mbele ya foleni nzima. Atakwenda zake, na safari nyingine hatarudi, hata kama haki yake imo katika fomu ile. Kisha tunaitisha mkutano, tunauliza kama kuna mwenye swali, watu wanakaa kimya, nasi tunaandika kwamba wananchi wameridhika.

Ndugu zangu, sikuja kuomba televisheni izimwe. Ninaomba jambo dogo, nalo laweza kuanza kesho asubuhi. Mtoto akikosa, mwalimu amwulize, "Umefikaje hapo?" kabla hajasema, "Umekosa." Mwananchi akikosea fomu, mtumishi ageuze karatasi na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika. Na wengine wakianza kucheka, mkubwa aliyepo asicheke nao.